Utepe wa Buluu

Tangu mafua yampate, Inspekta alikuwa akianza kazi kila asubuhi akiwa chini ya taulo. Aliweka bakuli la maji ya moto mezani, kati ya mhuri na mafaili, akaegemeza viwiko, akajifunika taulo la kijani mpaka mabegani na kuvuta mvuke kwa dakika kumi kamili. Kituo kizima kilijua desturi hiyo. Katika dakika hizo kumi, hata mwizi aliyekuja kujisalimisha kwa hiari yake angeelekezwa kwenye benchi asubiri.

Siku hiyo, dakika ya sita, kitu kizito kilitua mezani kwa kishindo. Maji yakaruka yakalowesha mhuri.

"Nusa," ilisema sauti ya mwanamke.

"Siwezi," Inspekta alijibu kutoka ndani ya taulo.

"Inspekta, nimesema nusa!"

Inspekta akajifunua. Mbele yake palikuwa na chupa isiyo na lebo, yenye kinywaji angavu kama maji ya mvua. Nyuma ya chupa alisimama mwanamke wa miaka hamsini hivi, aproni ya turubai kifuani, mikono kiunoni. Hakuhitaji kujitambulisha. Alikuwa yule mjane aliyeachiwa na marehemu mumewe chungu kikubwa cha shaba, na watu walipomshauri akiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, yeye akajifunza kukeneka pombe kali ya jini. Sasa mwaka wa tano alikuwa akitengeneza jini yenye ladha ya maua ya lavenda yaliyolimwa hapo hapo, mwendo wa nusu saa kutoka mlangoni kwake. Watu walimwita Mama Shaba.

"Dada yangu, leo siku ya nne sisikii harufu ya kitu chochote," Inspekta alisema. "Hata kitunguu kwangu ni maji."

"Basi onja."

"Niko kazini."

"Basi nitakwambia mwenyewe. Inanuka kabati la nguo! Kafuri tupu. Kesho saa kumi wageni wa hoteli wanakuja kuionja, tumewangoja mwaka mzima, na mimi nitawapa nini? Dawa ya nondo kwenye bilauri?" Akavuta pumzi. "Kuna mtu kaniharibia. Na ninamjua."

"Nani?"

"Shemeji yangu."

Alilitema neno hilo kama mtu aliyeng'ata mbegu ya limau. Inspekta akachukua kalamu, lakini hakuandika. Shemeji huyo alikuwa mdogo wa marehemu. Tangu msiba, yeye ndiye aliyekuwa akikoka moto chini ya kile chungu, na kila mchana alikula mezani kwa Mama Shaba. Mji mzima ulimwita Shemeji, hata wale ambao hakuwa shemeji yao.

"Una sababu gani ya kumshuku?"

"Stoo ina funguo mbili, wangu na wake. Kufuli limechokolewa. Halafu jana nimekuta pakiti ya vidonge vya nondo kwenye mfuko wa koti lake. Kikulacho ki nguoni mwako, Inspekta! Fungua jalada. Saa sita mchana begi lake liko barabarani."

"Jalada kulifungua ni rahisi," Inspekta alisema, akikausha mhuri kwa ncha ya taulo. "Kulifunga ndiko kazi. Nipe mpaka hiyo saa sita yako."

*

Karakana ya Mama Shaba ilikuwa gereji zamani, na sakafu bado ilikuwa na madoa ya mafuta. Chungu cha shaba kilisimama katikati, kimesuguliwa mpaka mtu angeweza kunyolea ndevu ubavuni mwake. Shingoni mwake palining'inia kikapu cha waya. Inspekta aliuliza kazi yake, akaelezwa: pombe iliyolowekwa vijitunda vya mreteni, mbegu za giligilani na maganda ya machungwa huchemka chini, mvuke hupanda, hupita katikati ya maua ya lavenda ndani ya kikapu, kisha hupoa kwenye bomba na kutoka ukiwa jini. Maua hayaguswi na maji. Yanaguswa na mvuke tu.

"Kwa hiyo harufu ya mwisho inatoka kwenye kikapu."

"Ndiyo."

Shemeji alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mnene, mwenye uso ambao kwa siku nyingine ungekuwa unacheka. Inspekta akavuta ndoo ya pili, akaketi mbele yake.

"Vidonge vya nondo ni vya nini?"

"Vya koti. Koti la kaka. Nondo wamelila kwapani."

"Viko wapi?"

Akavitoa mfukoni. Inspekta aligeuza pakiti mara mbili kwenye mwanga. Karatasi ya nailoni ilikuwa haijachanwa popote. Akamrudishia.

"Na kufuli? Nani kalichokoa?"

Shemeji akatazama viatu vyake. "Kufuli hilo limezeeka."

"Mikwaruzo ni mipya. Inametameta."

Mama Shaba akakohoa kwa makusudi.

"Ni mimi," Shemeji alisema mwishowe. "Jumanne. Kwa bisibisi."

"Si nilisema!" Mama Shaba alidakia.

"Nilipoteza ufunguo, shemeji! Ni wa tatu mwaka huu. Ulipopotea wa pili, ulisema ukipotea mwingine utanifunga kamba shingoni kama mbuzi. Ningekuja kukwambia nini?"

"Ulipotelea wapi?" Inspekta aliuliza.

Shemeji, kama anayekisia, akaelekeza kidole kwenye pipa kubwa lililofunikwa kando ya ukuta, lenye pombe ya mkupuo wa pili iliyokuwa ikiloweka. Inspekta akaomba upawa mrefu. Alikoroga chini mara tatu, na mara ya nne ufunguo ukaja juu pamoja na ganda la chungwa. Mama Shaba akafumba macho. Sekunde moja alionekana kama mtu anayetaka kucheka, kisha akakumbuka kwamba amekasirika.

"Bado kafuri ilitoka mahali," alisema.

Inspekta hakubisha. Aliuliza nani alipukuchua maua safari hii. Kazi hiyo, alijibiwa, kwa kawaida ni ya Mama Shaba mwenyewe. Lakini wiki hii alikuwa akishughulikia vibali vya lebo, kwa hiyo Shemeji akaifanya kwa mara ya kwanza. Vijiti vilivyobaki vilikuwa kwenye tenga mlangoni, vikingojea kukokea moto. Inspekta akapiga magoti mbele ya tenga, akachukua konzi moja.

Halafu akainua macho ukutani. Juu ya meza ya kuwekea chupa yalining'inia mashada manne ya lavenda kavu, yamefungwa vizuri, kila moja na kipande cha karatasi chenye mwaka wake.

"Yale je?"

"Ya mkulima wangu," Mama Shaba alisema. "Kila mwaka akileta gunia, analeta na shada moja pembeni. Zawadi tu. Huwa nayatundika ili... basi, ukuta usikae mtupu."

"Mwaka huu hakuleta?"

"Labda amesahau." Alichukua bilauri iliyokuwa safi akaanza kuifuta.

Inspekta alipanda kiti. Akashusha shada la mwaka jana, akachomoa kijiti kimoja na kukilaza mezani kando ya kimoja cha kwenye tenga.

"Tazameni. Mimi pua sina, nina macho tu."

Kijiti cha shada kilikuwa chembamba na kilichonyooka, na juu kilibeba suke moja fupi la buluu nzito. Kijiti cha tenga kilikuwa kirefu na kinene, na kabla ya kufika juu kilitoa mikono miwili, mmoja kila upande, kama uma wa kulia chakula. Akachukua kingine. Uma. Kingine tena. Uma.

"Hivi na hivi si ndugu wa tumbo moja," Inspekta alisema. "Hakuna mtu aliyemwaga kafuri kwenye jini yako. Umeletewa maua mengine."

"Haiwezekani. Gunia lilikuja na utepe wa buluu, kama kila mwaka. Na yule bwana hawezi kumdanganya hata kuku wake."

Alisema hivyo kwa haraka, akiwa bado anafuta ile bilauri, akionyesha kwa kidevu gunia tupu lililobaki na utepe wake, umekatwa lakini fundo la kamba ya kiatu bado limo. Inspekta aliliweka hilo akilini, pamoja na lile shada ambalo halikuja. Saa ilikuwa tatu na robo.

*

Mkulima wa lavenda aliitwa Bwana Kesho, kwa kuwa ndilo jibu alilokuwa akilitoa kwa kila jambo. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, aliyefiwa na mkewe miaka mingi, na alivua kofia alipoiona sare ya Inspekta mbali bado.

Shamba lake lilikuwa na vipande viwili vilivyotenganishwa na njia ya toroli. Upande mmoja mimea ilikuwa mifupi, imekaa chini kama mito ya kulalia. Upande wa pili ilimfika Inspekta kiunoni, na Inspekta alipovunja kijiti kimoja cha huko, kilikuwa na mikono miwili.

"Hiyo kubwa ni ya dada yangu, anatengenezea sabuni," Bwana Kesho alieleza. "Ina kafuri nyingi, inakaa mwilini. Ile ndogo ni ya jini. Ni ya... ya kule."

"Unazitofautishaje zikishakuwa kwenye magunia?"

"Utepe. Wa buluu ni wa jini, mweupe ni wa sabuni."

"Nionyeshe."

Banda la kukaushia lilikuwa na giza la makusudi. Madirisha yalizibwa kwa magunia ili jua lisifute rangi ya maua. Inspekta alisimama kwanza mpaka macho yakazoea. Magunia sita yalipangwa ukutani, na kila utepe ulifungwa fundo maradufu, ncha zake zimekatwa sawasawa kama kwa rula. Mkono wa mtu asiye na haraka.

"Gunia lako la jini limeleta matatizo," Inspekta alisema.

Mtu akiambiwa gunia lake limeleta matatizo, huuliza matatizo gani. Bwana Kesho hakuuliza. Aliinua mkono akashika mfuko wa shati lake, upande wa kushoto, akaubana.

Inspekta alikuwa bado anautazama mkono huo mlango uliposukumwa.

"Kaka!" Aliyeingia alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa kuliko banda. "Maua yako mwaka huu yamelala usingizi! Nimechanganya sabuni sufuria nzima, harufu kama mtu kapita barabarani na maua. Wateja wangu wanataka ile ya kufukuza mbu! ... Ah, Afande. Shikamoo. Kwani kuna nini?"

"Marahaba, Mama Sabuni. Gunia lako umetumia kiasi gani?"

"Vikombe viwili tu. Lililobaki limejaa vilevile."

"Tafadhali niletee. Pamoja na utepe wake."

Mama Sabuni alitoka mbio kuelekea nyumba ya pili. Wakabaki wawili. Inspekta alipenga pua, akakunja leso yake.

"Nina nafasi ya dakika tano kabla dada yako hajarudi," alisema, "kwa hiyo nitasema mimi, wewe uniambie nikikosea. Utepe wa gunia la jini nimeuona leo asubuhi. Umefungwa fundo la kamba ya kiatu. Nina hakika na ule mweupe utakuwa hivyo hivyo. Wewe hufungi hivyo. Kwa hiyo magunia yale mawili yalifunguliwa baada ya kufungwa, humu gizani, yakafungwa tena na mtu mwenye haraka. Tepe zote mbili zilikuwa sakafuni kwa wakati mmoja, na zilirudi mahali pasipo pake."

Bwana Kesho aliikunja kofia yake mkononi.

"Mtu hufungua magunia mawili kama anatafuta kitu na gizani haoni utepe upi ni wa lipi. Mwaka huu hukupeleka shada. Nadhani ulikuwa umeweka kitu kingine badala yake. Kisha ukakiogopa, ukarudi kukitoa. Na kwenye gundi ya hiyo bahasha iliyo mfukoni mwako zimenasa punje tatu za buluu nzito. Naziona kutoka hapa."

Bwana Kesho akainamisha kichwa, akaitazama bahasha iliyochungulia mfukoni kana kwamba imemsaliti.

"Sikujua nimeyabadilisha," alisema. "Harufu sizisikii tena humu. Ukikaa banda hili miaka ishirini, pua inakufa. Yeye kaonja?"

"Kaonja. Na anadhani ni shemeji yake. Saa sita anamfukuza."

Kofia ikamwanguka mkononi. "Shemeji? Shemeji hana hatia yoyote!"

"Basi twende."

"Lakini ataniuliza kwa nini nilifungua magunia."

"Ataniuliza mimi kwanza," Inspekta alisema, "na mimi nitamjibu kwamba yalibadilishana tepe kwa bahati mbaya, maana hilo ndilo la polisi. Lililokuwa ndani ya gunia si la jalada langu. Hilo ni lako."

"Nitamwambia," Bwana Kesho alisema. "Kes..." Akanyamaza mwenyewe.

*

Walifika karakana saa sita kasoro dakika kumi, gunia la Mama Sabuni likiwa kwenye toroli. Begi la Shemeji lilikuwa mlangoni tayari, na juu yake lilikunjwa lile koti lililoliwa na nondo. Mwenyewe alikuwa akikoroga majivu chini ya chungu, kazi ambayo hakuna aliyemwagiza.

Inspekta alieleza kwa maneno machache, akiweka vijiti mezani kimoja kimoja. Tepe mbili. Magunia mawili. Bahati mbaya. Mama Sabuni, aliyekataa katakata kubaki nyumbani, aliongeza kwamba kaka yake alikuwa hivyo tangu utotoni, aliwahi kuvaa viatu vya mguu mmoja wiki nzima.

Mama Shaba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaliinua lile begi, akampita kila mtu, akalirudisha ndani kwenye msumari wake.

"Shemeji," alisema, mgongo ukiwa umewaelekea, "koka moto."

"Nimefukuzwa, sikoki."

"Koka moto, nimesema. Na koti la kaka yako lete, nitalitia kiraka."

Shemeji alitazama dari, akahesabu kama anayefikiria ombi zito. "Na ufunguo mpya?"

"Na ufunguo mpya. Na kamba ya shingoni."

Moto ukakokwa. Pombe ya lile pipa ilikuwa tayari, na kwa watu watano kupukuchua maua halikuwa jambo la kutwa. Bwana Kesho alikaa pembeni, akipukuchua polepole kuliko wote na kwa usafi kuliko wote. Kikapu kilijazwa, chungu kikafunikwa, na mchana ukaingia kwenye saa zake za utulivu, watu wakitazama bomba kama wanaongoja mgeni.

Matone ya kwanza yalitoka, yakamwagwa, kwa kuwa hayanywewi. Yaliyofuata yalianguka taratibu ndani ya jagi la kioo. Mama Shaba akakinga kidogo kwenye bilauri. Badala ya kuonja, akamnyooshea Shemeji.

"Wewe kwanza."

Shemeji aliipokea kwa mikono miwili, bila mzaha safari hii. Akaonja. Akaonja tena, macho yamefumbwa.

"Wageni waje," alisema. "Hata leo."

Mama Sabuni akapiga makofi. Inspekta alikuwa karibu na bomba, akitafuta leso, aliposimama ghafla. Mvuke mwembamba ulimpita usoni, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nne alisikia harufu: kwanza mti, kisha chungwa, halafu kitu laini, baridi kidogo, kama shuka lililokaushwa nje. Alivuta pumzi nyingine.

Hapo ndipo Mama Shaba alipogeuka.

"Kitu kimoja sijaelewa," alimwambia Bwana Kesho. "Magunia ulikuwa umeshayafunga. Uliyafungua tena kwa nini?"

Bwana Kesho alimtazama Inspekta. Inspekta alikuwa akisoma kwa makini maandishi ya kifuniko cha ndoo.

"Niliweka barua ndani ya lako," alisema. "Kisha nikaogopa. Nikaitoa."

"Barua ya nini?"

Bomba lilidondosha tone, tone.

"Mwache, shemeji," Shemeji alisema. "Atakujibu kesho. Subira huvuta heri, ila ya huyu bwana imevuta kafuri."

"Nyamaza," Mama Shaba alisema kwa upole, macho yake yakiwa hayajaondoka kwa yule mwingine.

Bwana Kesho aliitoa bahasha. Akaigeuza, akapukuta zile punje tatu za buluu kwa kidole, akairudisha mfukoni. Alikuwa amevua kofia, na mikono yake haikujua pa kukaa.

"Ni kurasa tatu, na zote zinazunguka," alisema. "Nilichotaka kusema ni kifupi. Nakupenda. Nataka nikuoe, kama utakubali. Nimechoka kutafuta gunia la kuja nalo hapa. Nataka nije mikono mitupu, kila asubuhi, na iwe nimefika nyumbani."